"Baba, inakohoa": kutafuta ubovu wa pikipiki ya mtoto ya njia za vumbi

Mtoto wa miaka minane hatakuambia kwamba jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopimia petroli, imeziba. Atakuambia "inakohoa", "inajivuta", "imekuwa nzito", au hatasema chochote: ataiegesha na kudai amechoka. Kwa miaka niliyokaa na pikipiki hizi hapa Arusha, za wanangu na za watoto wa majirani, nimejizoesha kuyaandika maneno yao jinsi yalivyo, kwa sababu hiyo ndiyo dalili ya kwanza na mara nyingi ina ukweli kuliko dhana ya mzazi. Kwa hiyo nimeupanga mwongozo huu kwa maneno ya watoto. Chini ya kila dalili naanza na sababu inayojirudia zaidi na ukaguzi usiohitaji hata spana. Usiruke hatua, hata kama jirani keshakuambia ni injini.

Ninazozisema ni zile zinazoonekana sana huku: Yamaha PW50 ya mapigo mawili isiyo na gia, Honda CRF50F ya gia tatu, ambayo haina mkono wa klachi, Honda CRF110F na Yamaha TT-R110E za gia nne, na KTM 50 SX na 65 SX za motokrosi yenyewe. PW50 haina cheni, inaendeshwa kwa shafti. CRF110F za kuanzia 2019 zina injeksheni badala ya kabureta, kwa hiyo maneno yangu ya jeti na choki hayazihusu.

Kabla ya kushika chochote

Injini imezimwa na imepoa. Ekzosi ya pikipiki ndogo iko usawa wa mguu wa mtoto na inaunguza hata dakika kumi baada ya kuzima. Petroli haifunguliwi karibu na jiko, sigara wala mashine ya kuchomelea. Na hili nalisema kwa kila mzazi, hata aliyeendesha bodaboda miaka ishirini: cheni haisafishwi wala haipakwi oili injini ikiwa inawaka na gurudumu linazunguka. Kitambaa kinanaswa, kidole kinakifuata, na kwenye sproketi, lile gurudumu la meno linalobeba cheni, kidole hakitoki kikiwa kizima.

"Haiwaki"

Simu nyingi ninazopigiwa Jumamosi asubuhi huishia kwenye mambo manne haya, tena bila kufungua nati hata moja.

Swichi nyekundu ya kuzimia injini imebonyezwa, au kamba ya usalama inayofungwa mkononi mwa mtoto imechomoka. Koki ya mafuta imefungwa. Tanki lina petroli kidogo iliyolala upande mmoja. Injini ni baridi na choki haijavutwa, au ni ya moto na choki bado imevutwa. Hakikisha hayo kwanza.

Kama yote yako sawa, fikiria mafuta yenyewe. Petroli iliyokaa kwenye kabureta mwezi au miwili inaacha utandu unaonata na kunuka kama vanishi. Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ya kumwagia. Weka kikopo, ifungue, mwaga. Yakitoka ya rangi ya chai, au yakiwa na matone ya maji yanayobingirika chini ya kikopo, umepata ugonjwa. Mwaga na ya tanki, weka mapya, jaribu tena. Mtoto akienda shule ya bweni, au masika yakianza na pikipiki ikaingia stoo, funga koki na umwage bakuli siku hiyohiyo. Kazi ya dakika mbili inakuokoa kuvua kabureta nzima baadaye.

Kuna pia petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Uchakachuaji huu ulisumbua sana ukanda wetu, hadi Kenya mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili mchanganyaji asione faida. Injini ndogo huumia mapema: inawaka kwa shida, inatoa moshi, plagi inakuwa nyeusi. Nunua kwenye kituo chenye magari mengi. Ile ya chupa ya kando ya barabara iachie dharura.

Sasa plagi. Ivue kwa spana yake, si kwa koleo. Ikiwa imelowa, injini imefurika mafuta: funga koki, vuta ekseleta hadi mwisho, choki ikiwa imerudishwa, piga kiki mara saba au nane, kisha rudisha plagi iliyokaushwa. Ikiwa kavu kabisa baada ya kiki nyingi, mafuta hayafiki, rudi kwenye koki na kabureta. Ikiwa na masizi, isafishe au weka mpya. Kwenye CRF50F mwanya wa plagi ni milimita 0.6 hadi 0.7. Kuangalia cheche, rudisha plagi kwenye kofia yake na uigusishe kwenye chuma cha injini, mbali na tundu ilikotoka, kwa sababu mvuke wa petroli unatoka humo na unashika moto.

Cheche ipo, mafuta mapya yapo, bado haiwaki? Huenda jeti ndogo ya kabureta imeziba. Inavuliwa, inaloweshwa kwenye dawa ya kusafishia kabureta, inapulizwa kwa upepo. Usichokonoe kwa waya wala sindano: tundu lile limetobolewa kwa kipimo, ukilipanua umelibadilisha tabia.

Simama umwite fundi ikiwa kiki inashuka bila kukuzuia hata kidogo, kama mguu unaokanyaga hewa. Hapo mgandamizo umepotea, na sababu iko kwenye valvu, ringi au gasketi. Pia kama injini ya mapigo manne inawaka vizuri asubuhi lakini ikipata moto na kuzimwa haiwaki tena mpaka ipoe, valvu zimebana. Zinapimwa injini ikiwa baridi kabisa, kwa filagheji, vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya, na mtu aliyewahi kufanya kazi hiyo.

"Inawaka, naenda kidogo, halafu inazima"

Jirani aliniletea TT-R110E iliyokwisha kupita kwa mafundi wawili. Kabureta ilikuwa imesafishwa, plagi mpya, koili mpya. Kijana wake akaniambia kitu ambacho inaonekana hakuna aliyemwuliza: "Inazima nikifika kwenye mwembe, kila siku palepale." Nikamwacha azunguke. Akafika kwenye mwembe, ikazima. Nikaenda, nikafungua kifuniko cha tanki, kikasema *fiiii*. Hewa iliingia kwa nguvu kama chupa ya soda kwa kinyume. Nikakifunga, akapiga kiki, ikawaka.

Tanki lazima livute hewa kadiri mafuta yanavyopungua. Kwenye kifuniko kuna kitundu chenye mpira mdogo wa kupitisha hewa. Mpira ukipindwa, ukijaa tope, au nyigu wakijenga humo kwa udongo kama wanavyopenda kufanya kwenye kila tundu la stoo zetu, petroli inagoma kushuka. Bakuli la kabureta likiisha, injini inazima. Ukisubiri, yanachuruzika kidogo, inawaka tena. Ndiyo maana ilizima kila siku mahali palepale. Jaribu hili kabla ya kununua koili.

Sababu ya pili ni chujio dogo lililo juu ya koki, ndani ya tanki, lililojaa kutu. Ya tatu ni umeme: koili au sidiai (CDI, kisanduku kinachoamuru cheche) inayokufa ikipata moto na kufufuka ikipoa. Utaijua kwa sababu plagi haina cheche pale tu inapozima, na kifuniko cha tanki hakipigi mluzi. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye mita.

Lakini injini ya mapigo mawili ikizima ghafla huku gurudumu la nyuma likikaza na kuchora mstari ardhini, usipige kiki tena. Pistoni imeng'ang'ania kwenye silinda, na karibu kila mara ni kukosa oili. PW50 ina tanki la oili peke yake na pampu inayoichanganya: angalia tanki hilo kila siku ya kuendesha. KTM ndogo huchanganyiwa kwa mkono. Kwa uwiano wa 1:40, lita 5 za petroli zinataka mililita 125 za oili. Kwa 1:50, mililita 100. Kwa 1:60, mililita 83. Kitabu cha pikipiki ndicho kinachosema utumie upi. Pima kwa chupa yenye mistari. Kukisia kwa kifuniko cha chupa ndiko kunakoua pistoni. Na dumu la mchanganyiko liandikwe kwa maandishi makubwa, mtu asije akamimina petroli tupu akidhani ndiyo.

"Inakohoa" na "imekuwa nzito"

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo injini za watoto wetu zinapofia polepole bila mtu kuona.

Anza na chujio la hewa, lile mafundi wanaloita eyaklina. Vumbi la chini ya Mlima Meru ni laini kama unga wa muhogo. Linapita kwenye nguo, linapita kwenye kitasa cha mlango. Watoto watatu wakifuatana kwenye njia, wa nyuma anavuta vumbi la wawili. Fungua boksi la hewa, toa sponji, ibonyeze. Ikitoa tope la rangi ya kahawia, injini inapumua kupitia kitambaa kilicholowa. Ndicho kikohozi.

Osha sponji kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya maji, ukiibonyeza kama unavyokamua tui, bila kuisokota. Rudia mpaka maji yatoke safi. Isioshwe kwa petroli: inalegeza gundi ya mishono, inaumiza mikono, na ni moto unaosubiri kiberiti. Ianike kivulini ikauke kabisa. Kisha ipake oili maalumu ya sponji mpaka rangi ienee sawasawa, ibonyeze iliyozidi itoke, na upake grisi nyembamba ukingoni pale inapokaa kwenye boksi. Sponji kavu isiyo na oili haizuii vumbi hili. Baada ya kuirudisha, pitisha kidole ndani ya bomba linaloelekea kwenye kabureta. Kidole kikitoka na vumbi, vumbi limeshaingia injini, tafuta lilipopitia. Kwenye siku kavu za Januari na Septemba mimi huosha baada ya kila siku ya kuendesha, na nina sponji mbili ili moja iwe tayari daima. Kuendesha bila chujio "kwa leo tu" kunasaga ringi na silinda kama msasa.

Chujio likiwa safi na kikohozi kikabaki, jiulize pikipiki ilitoka wapi. Iliyopangwa kwa ajili ya Dar es Salaam au Mombasa, usawa wa bahari, ikipandishwa Arusha kwenye mita kama 1,400, au Nairobi inayokaribia 1,800, inakuta hewa nyepesi. Kabureta haijui. Inaendelea kumimina petroli ileile kwa hewa pungufu, na injini inazama kwenye mafuta: inagugumia ukivuta hadi mwisho, plagi inatoka na masizi meusi makavu. Injini isiyo na tabo, ile pampu ya kusukumia hewa ndani, hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, hata ikipangwa vizuri, hiyo kubali. Kugugumia kunatibika kwa jeti ndogo zaidi, na fundi anayejua kusoma plagi ataipata kwa majaribio mawili matatu. Andika namba ya jeti ya zamani na uitunze jeti yenyewe. Siku pikipiki ikishuka pwani irudishiwe, la sivyo itapata petroli kidogo kuliko hewa, itachemka kupita kiasi, na pistoni inaweza kutoboka.

Hewa na mafuta viko sawa na bado ni nzito? Inua gurudumu la nyuma, lizungushe kwa mkono ukiwa umeweka nyutro. Likikwama mapema, breki inashika au cheni imekazwa mno. Mtoto anapambana na breki huku wewe unalaumu injini. Kisha angalia skrubu ya kuzuia mwendo kwenye ekseleta. PW50 na CRF50F zinayo, na aliyekuuzia mtumba huenda aliikaza kwa ajili ya mtoto wake wa miaka minne. Hii usiilegeze kwa sababu mtoto amelia. Ilegeze robo mzunguko siku ambapo umemwona mwenyewe akifunga breki, akikata kona na akisimama pale ulipomwambia asimame, mara kumi mfululizo.

Mwisho kabisa, injini ikipaa sauti lakini pikipiki haiendi, klachi inateleza. Kabla ya kubadilisha sahani uliza ni oili gani iliyowekwa. Klachi za hizi za mapigo manne zinaogelea kwenye oili ya injini, na oili za magari zenye viungio vya kupunguza msuguano zinazifanya ziteleze. Tafuta kopo lenye alama ya JASO MA, yaani oili ya pikipiki zenye klachi za namna hii.

"Inajivuta yenyewe"

Mtoto akisema hivi, yaani injini inapaa bila yeye kuvuta ekseleta, zima, ondoa ufunguo, na siku hiyo kuendesha kumekwisha. Hakuna dalili ninayoiogopa kama hii.

Naiogopa kwa sababu niliisababisha mwenyewe. Nilikuwa nimeosha tanki la pikipiki ya binti yangu, nikalirudisha, na waya wa ekseleta nikaupitisha upande usio wake wa shingo ya usukani. Ukiwa umenyooka, kila kitu kilikuwa safi. Alipokata kona ya kushoto waya ukavutika, injini ikapaa, naye akaenda moja kwa moja kwenye ua wa michongoma. Alibonyeza kile kitufe chekundu, kwa sababu tulikuwa tumefanya zoezi hilo. Alitoka na mikwaruzo mikononi. Tangu siku hiyo hakuna pikipiki inayotoka kwangu bila jaribio hili: iwashe ikiwa imesimama kwenye nyutro, geuza usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Mlio usibadilike hata kidogo. Kisha vuta ekseleta na uiachie. Lazima irudi yenyewe kwa mlio wa *tap*, kwenye pembe zote za usukani. Kwa Honda hizi ndogo, mchezo wa bure wa ekseleta, yaani inavyozunguka kabla ya waya kuanza kuvuta, ni milimita 2 hadi 6.

Sababu nyingine, kwa mpangilio wa kutokea: baada ya kuanguka, mpira wa mkono wa kulia umesukumwa ndani na kusugua kwenye nyumba ya ekseleta, mchanga umeingia humo, waya umeota nyuzi zilizokatika, pistoni ya kabureta imechubuka na kukwama. Za kwanza mbili unazifungua, unasafisha, unarudisha. Waya wenye nyuzi zilizokatika hautiwi oili ukasamehewa, unatupwa. Kabureta iliyochubuka ni ya fundi.

Na mfundishe mtoto kitufe chekundu kabla ya kumfundisha gia. Simama mbele yake injini ikiwa imezimwa, sema "zima!" bila kumtahadharisha. Kidole kifike bila macho kutafuta.

"Breki hazishiki"

CRF50F, CRF110F, TT-R110E na PW50 zina breki za ngoma mbele na nyuma. Kwanza tazama mkono wa mtoto mwenyewe: vidole vinafika kwenye mkono wa breki bila kuachia usukani? Wengi hawafiki, na mzazi anakaza waya wee bila faida. Kisha pima mchezo wa bure kwenye ncha ya mkono. Milimita 10 hadi 20 ni kipimo cha kawaida kwa Honda za ngoma. Ukizidi, kaza nati ya marekebisho kidogo kidogo huku ukizungusha gurudumu, mpaka lisiguse likiwa huru.

Kama marekebisho yamefika mwisho, angalia mshale mdogo kwenye kifuniko cha ngoma. Ukifika kwenye alama breki ikiwa imebanwa, viatu vya breki vimekwisha. Ukifungua ngoma usipulize vumbi lake kwa mdomo wala kwa kompresa. Breki za zamani zilikuwa na asbestosi na vumbi hilo halifai mapafu ya mtu. Futa kwa kitambaa chenye maji. Breki zilizovuka mto huwa hazishiki kwa dakika kadhaa: mwambie mtoto abane polepole akienda taratibu mpaka zikauke.

KTM ndogo zina diski na mafuta. Mkono ukizama hadi kwenye usukani, au ukihitaji kupampu mara mbili, kuna hewa au kuna kuvuja. Soma kifuniko cha kikopo cha mafuta kabla ya kuongeza: yaliyoandikwa DOT na yale ya madini hayachanganywi, mpira wa ndani utavimba na breki itakwama. Kutoa hewa kwenye breki za mtoto mwachie anayeijua kazi hiyo.

"Cheni inalia, inaruka"

Mara nyingi imelegea, kisha imekauka, kisha sproketi zimekwisha. Kipimo cha ulegevu kiko kwenye kitabu. Pima mtoto akiwa hayupo juu, sehemu tatu za mzunguko, maana cheni huliwa upande mmoja. Meno ya sproketi yakipinda kama mawimbi yanayovunjika ufukweni, badilisha cheni na sproketi zote mbili pamoja. Ukiunganisha cheni kwa klipu, upande wa klipu uliofungwa ndio uelekee inakokwenda cheni. Ukigeuza, inaweza kuchomoka. Ukimaliza kukaza ekseli ya nyuma rudisha pini yake ya kufungia, tena mpya, si msumari.

"Inayumba"

Upepo kwanza. Kwa CRF50F na CRF110F ni psi 15, yaani kilopaskali 100, na kijana wa kujaza upepo aliyezoea magari atakuwekea 30 bila kuuliza. Tairi gumu linaruka kwenye mawe kama mpira. Kisha spoku: zigonge moja moja kwa bisibisi, zilizokaza zinalia *ting*, iliyolegea inasema *dub*. Kisha ekseli zote mbili. Kisha inua gurudumu la mbele, shika miguu ya shokapu, vuta na kusukuma. Ukihisi kugonga, beringi za shingo zimelegea au zimekwisha. Oili inayochuruzika kwenye shokapu za mbele ni dalili ya sili, ule mpira wa kuizuia, kwisha, na ikishukia breki ya mbele pikipiki haipandwi.

Ufa kwenye fremu, shingo iliyopinda, rimu yenye mkunjo: hapo hakuna kuchomelea vichochoroni. Mwili wa mtoto utakuwa juu ya ule mshono pikipiki ikitua kutoka kwenye mruko.

"Mikono inauma", "naanguka kila kona"

Wakati mwingine pikipiki ni nzima. Mtoto anayening'inia kwa mikono anachoka kwa dakika tano. Mfundishe kubana tanki kwa magoti, kusimama kwenye vikanyagio kwenye mabonde, viwiko viwe nje. Shusha mikono ya breki ifuate mstari wa vidole vyake akiwa amesimama. Dakika kumi na tano, kisha maji na kivuli.

Lakini sababu ninayoiona zaidi ni pikipiki kubwa kuliko mtoto, iliyonunuliwa "akue nayo". Kiti cha PW50 kiko sentimita 48 hivi kutoka ardhini, CRF50F kama 55, CRF110F kama 66. Mtoto anayeanza aweze kukaa na kukanyaga chini kwa miguu yote miwili. Akifika kwa ncha za vidole tu, ataangukia upande uleule kila akisimama, na atajifunza kuiogopa.

Madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao, wameshauri kwamba walio chini ya miaka 16 wasiendeshe vyombo hivi vya nje ya barabara kabisa. Nimeusoma ushauri huo na nimeamua vinginevyo kwa wanangu, ila unanifanya nisimame pale uwanjani kila dakika wanapoendesha. Helmeti ya ukubwa wake yenye alama ya ECE, DOT au Snell, isiyozunguka kichwani ukiishika na kuigeuza. Miwani, glavu, buti za kupanda juu ya kifundo, kinga za kifua, viwiko na magoti. Abiria hapana. Barabarani hapana, hata "kufika dukani tu": pikipiki hizi hazina namba wala taa, na daladala haitamwona.

Akianguka

Mwache alale. Zima injini, funga koki, kisha ndipo umsogelee. Kama analalamika shingo au mgongo, au vidole vya miguu vina ganzi, usimwinue na usimvue helmeti ikiwa anapumua vizuri, ita msaada.

Akiinuka, mwulize yuko wapi na alikuwa anafanya nini. Kichwa kinachouma, kutapika, kusinzia, kurudia swali lilelile, kuangalia bila kukuona: hospitali, na leo harudi juu ya pikipiki hata akikuapia kwamba yuko sawa. Helmeti iliyogonga chini inatupwa, hata kama rangi haijachubuka, kwa sababu povu la ndani hufanya kazi mara moja tu.

Tazama kifundo cha mkono na bega. Mifupa ya watoto inakua kwenye ncha zake, na sehemu hizo huvunjika kabla ya kano kukatika. Kile ambacho kwa mtu mzima kingekuwa kuteguka, kwa mtoto kinaweza kuwa mfupa ulioachana kwenye sehemu inayokua. Ukibonyeza mfupa wenyewe akavuta mkono wake kwa nguvu, au kukivimba, ni eksirei siku hiyohiyo, si mafuta ya kuchua wala mkandaji.

Pikipiki ndiyo ya mwisho kukaguliwa: usukani, mikono ya breki, ekseleta kushoto na kulia, kitufe chekundu.